Maswali ya seli za haidrojeni: mchoro umekaa, modeli haijakaa

Modeli yangu ya seli ya haidrojeni (kifaa kinachogeuza haidrojeni na oksijeni kuwa umeme) inafuata mchoro wa volteji na mkondo wa maabara bila kukosea, baada ya kuweka vibonge vya kaboni na platinamu vyenye kipenyo cha mikroni 2. Naweza kusema imethibitishwa?

Huwezi. Swali hili limekuja tena, limebadilisha kanzu tu. Tabaka la kichocheo upande wa katodi, yaani upande wa oksijeni, lina unene wa mikroni 10 hivi, kwa hiyo vibonge vyako vitano vimelijaza kutoka utando unaopitisha protoni hadi mwisho. Hadubini ya elektroni huonyesha vibonge vya makumi ya nanomita, au mia na ushei. Ulihitaji ukinzani wa kuizuia oksijeni isifike haraka, ukaununua kwa ukubwa wa kibonge, yaani umeivika modeli kilemba cha ukoka.

Ukinzani wenyewe upo, ila unakaa kwenye ngozi ya ayonoma (plastiki inayopitisha protoni) ya nanomita chache inayofunika platinamu. Uandike hivi: ukinzani wote ni ule wa gesi, ukijumlisha ukinzani wa ngozi uliogawanywa kwa f, yaani cm² za platinamu zilizomo katika kila cm² ya seli. Platinamu ya 0.1 mg/cm² yenye eneo la 60 m²/g inatoa f ya 60. Ngozi ikiwa na 12 s/cm, unabeba 0.2 s/cm. Kwa 0.4 mg/cm² unabeba 0.05 tu, ndiyo maana seli za zamani zenye platinamu nyingi zilificha tatizo hili.

Halafu upime. Lisha katodi oksijeni ya asilimia 1 hadi 4 ndani ya nitrojeni, soma mkondo wa kikomo (ule usiopanda tena hata ukishusha volteji) kwa shinikizo tatu au nne. Sehemu ya ukinzani inayopanda na shinikizo ni ya molekuli kugongana zenyewe. Isiyobadilika ni ya kuta za vitundu pamoja na ayonoma. Kutenganisha hizo mbili, punguza platinamu lakini jazia kaboni tupu ili unene usibadilike. Wengi husahau kaboni, wakapima tabaka jembamba wakidhani wamepima ngozi.

Volteji ya kuanzia ni 1.23?

Kwa nyuzi 25. Seli yako iko 80: weka 1.18. Voltmita ikisoma karibu 0.95 bila mzigo, haijaharibika. Haidrojeni inavuja kupitia utando, na platinamu ina oksidi.

Kanuni ya Bruggeman (kupunguza kasi ya kusambaa kwa kuzidisha na uwazi, yaani sehemu iliyo vitundu, uliopandishwa kwa 1.5) inatosha kwa oksijeni ndani ya vitundu vya nanomita 50?

Bruggeman ni dhambi ndogo. Kubwa ni kusahau kuta. Katika kitundu cha ukubwa huo molekuli hugonga ukuta kabla ya kukutana na mwenzake, na kasi ya kusambaa kwa kugonga kuta, ile ya Knudsen, kwa nyuzi 80 ni kama 0.08 cm²/s, dhidi ya 0.27 ya hewa wazi. Ukiziunganisha kwa kinyume chake unapata 0.06. Uwazi wa 0.4 ukipandishwa kwa 1.5 ni 0.25, hivyo unabaki na 0.015 hivi. Hapo maji bado hayajaziba kitu.

Mkondo wa kubadilishana (kasi ya mmenyuko kabla volteji haijausukuma) kwenye makala mbalimbali unatofautiana mara elfu. Nichukue upi?

Soma kizio kabla ya namba! Mmoja anagawa kwa cm² ya seli, mwingine kwa cm² ya platinamu. Neyerlin na wenzake mwaka 2006 walipata takriban 2.5×10⁻⁸ A kwa cm² ya platinamu, nyuzi 80, oksijeni ya kPa 101, na mteremko wa mV 70 kwa kila mkondo kuongezeka mara kumi. Namba hizo zinatembea pamoja. Ukichukua mkondo wao ukauozesha mteremko wa mV 140 wa makala nyingine, usije kuniuliza kwa nini seli imekufa.

Programu inagoma nikiomba 0.6 V.

Anza na 0.9, shuka kwa 0.05, kila jibu liwe kianzio cha linalofuata. Vipande 20 ndani ya tabaka, vibane upande wa utando. Na hakikisha umegawa oksijeni kwa elektroni 4, si 2.

Naweza kutumia modeli hiyohiyo kwa tabaka la sindano la kampuni ya 3M (platinamu juu ya nyuzi ndogo kama sindano)?

Hapana. Halifiki mikroni 1, halina kaboni wala ayonoma ndani. Protoni hupita juu ya platinamu yenye maji. Ni jembamba, nafasi ya maji ndani yake ni ndogo, hivyo hufurika maji seli ikiwa baridi. Fomyula ya Springer ya 1991, ya maji na upitishaji wa protoni, ilipimwa kwenye utando mnene wa Nafion 117, na hata kwa ngozi za kawaida naitilia shaka. Ukikuta faili inayolipa tabaka hilo ayonoma ya asilimia 30, ifunge.