Tafuta mshauri asiyemjua shangazi yako

Wanawake wenzangu wakitaka kuniuliza jambo hili hawaniulizi kanisani wala kwenye kikoba. Wanakuja dukani, hapa Mwanjelwa jijini Mbeya, wanashika kiatu hiki na kile, wanangoja wateja wapungue, ndipo wananong'ona: "Dada, hivi yule mtu wako wa ushauri ulimpataje?" Nimejibu vipande vipande vya kutosha. Leo naandika jibu zima: namna ya kumpata mtaalamu wa kuongea naye yaliyokulemea moyoni.

Mimi nilianza baada ya mama kufariki. Kwetu Rungwe msiba una watu. Wanakuja na mikungu ya ndizi, na kuni, na mchele wa Kyela, wanalala chini ya turubai, na mtoto wa kwanza kama mimi hapati hata nafasi ya kulia kwa sababu ndiye anayeulizwa funguo za stoo ziko wapi. Matanga yakaisha, kila mtu akarudi kwake. Miezi baadaye nikawa naamka saa tisa usiku moyo unanienda mbio, mchana nawafokea watoto kwa kijiko kilichoanguka, na nikisafiri, basi likianza kushuka mlima Kitonga naona kama pumzi inakatika. Nikasema hii ni presha.

Kwa hiyo nilianzia kwa daktari wa kawaida, na hata leo ndivyo ninavyomshauri kila mtu: anza na mwili. Upungufu wa damu unaweza kumchosha mtu na kumwendesha moyo mbio. Tezi ya shingo ikizidi kufanya kazi inaweza kumnyima usingizi na kumtia wasiwasi, ukadhani ni mawazo tu. Nyanda zetu hizi zilijulikana kwa rovu, yaani uvimbe wa tezi hiyo, kabla chumvi yenye madini joto haijaenea, kwa hiyo daktari aliyenipapasa shingo hakuwa anapoteza muda. Majibu yalirudi safi. Ndipo akaniuliza, huku anaandika bila kuniangalia, "Mama, kuna jambo limewapata nyumbani?" Nililia pale pale, na foleni nje inasubiri.

Usingoje mpaka watu waseme unaokota makopo. Wataalamu wakitafuta dalili za sonona, ugonjwa wa huzuni isiyoisha, huangalia wiki mbili: kama karibu kila siku kwa muda huo huna furaha na chochote, usingizi umeharibika, hamu ya kula imebadilika na kazi haziendi, hiyo inatosha kwenda kumwona mtu. Na hata usipofika huko, msiba usioisha moyoni au ndoa iliyonyamaza ni sababu kamili. Ila kama unawaza kujiua, haya ya kuchagua mtu yaache kwanza. Nenda leo hii hospitali iliyo karibu, kitengo cha dharura, na usiende peke yako. Kuchagua kutafuata.

Kuhusu nani ni nani, nitapita haraka. Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari kwanza, na anaweza kukuandikia dawa. Mwanasaikolojia anatibu kwa mazungumzo na mazoezi ya kufanya nyumbani. Mshauri nasaha wengi tumemzoea kutoka kwenye upimaji wa VVU, lakini wapo wanaoshughulika na misiba, ndoa na ulevi. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ni wa kumwendea hasa kama kuna matunzo ya watoto au kipigo ndani ya nyumba. Ukikosea mlango, mwenye mlango atakuelekeza. Kwa hapa Mbeya unaweza kuanzia Hospitali ya Rufaa ya Kanda, pale mapokezi, uulize kitengo cha afya ya akili. Najua utaona aibu kulitamka, kwa sababu mjini kwetu jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, limekuwa tusi. Wengi niliowakuta kwenye benchi walikuwa wamevaa vizuri kuliko mimi. Mwanafunzi wa chuo aulize kwanza kwa mlezi wa wanafunzi kama chuo chake kina mshauri.

Sasa nije kwenye lililonisumbua zaidi. Mtu wa kwanza kumwona alikuwa baba mtu mzima, mpole, mwenye vyeti ukutani. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akauliza kwetu ni wapi. Tukuyu. Tukuyu sehemu gani? Umeolewa kwa nani? Kufumba na kufumbua tukawa tumegundua kwamba yeye na baba mkwe wangu ni watoto wa ndugu. Asiyejua mila za Kinyakyusa ataona hiyo ni bahati. Zamani mkamwana hakukutana uso kwa uso na baba mkwe. Akimwona njiani alipisha, akajificha. Sisi wa leo tunawatengea chakula na kuwasalimia, lakini heshima ile haijatoka mwilini. Ningemwambiaje mtu yule kwamba mwanawe hajanigusa tangu msiba?

Alikuwa mtaalamu mzuri, nadhani. Lakini mimi nilikaa pale kwa adabu, mikono magotini, nikaeleza habari za usingizi peke yake.

Mbeya inaitwa jiji, ila ukikaa miaka kadhaa unajua kuwa kila mtu ni shemeji wa mtu. Iringa, Njombe na Makambako ni hivyo hivyo. Kwa watu wa miji yetu, swali la kwanza si kama mtaalamu ana shahada kubwa kiasi gani. Muulize mwenyewe: huyu ananijua kwa njia gani nyingine? Asiwe wa ukoo, wala wa ukoo wa mume. Asiwe wa usharika wako, asiwe mwanachama wa kikoba chako, asiwe anafundisha shule wanayosoma watoto wako. Mchungaji wetu nampenda, na maombi niliyahitaji kweli. Lakini ndiye aliyetufungisha ndoa, mume wangu naye anamwendea, na Jumapili ana mahubiri ya kuandaa. Nimewahi kukaa katika kanisa moja nikasikia habari za "dada mmoja" kutoka madhabahuni, na ibada haijaisha kila mtu ameshamjua ni nani.

Wangu nilimpata Iringa. Nikienda Dar kuchukua mzigo nilikuwa nashuka pale, tunaonana ana kwa ana, nalala, kesho naendelea. Wiki nyingine tunaongea kwa simu. Watu wanadhani tatizo la ushauri wa simu ni mtandao. Mtandao ukikatika mnapigiana tena. Tatizo ni mahali pa kuongelea. Nyumba zetu nyingi kuta zinaishia kwenye dari na juu ya dari ni uwazi mmoja, ukisema chumbani sebuleni wanasikia. Mimi nilikuwa najifungia stoo ya duka, nakaa juu ya robota. Mwenzangu mmoja anaegesha gari pembeni. Panga hilo kabla hujapanga saa.

Mimi na mshauri wangu huyo tunalingana umri, naye ni bora zaidi kwangu kwa sababu hiyo. Hakuna shikamoo ya kuniweka chini kabla sijaanza. Lakini hili ni langu. Namjua dada mmoja ambaye bila mama mtu mzima mbele yake hafungui mdomo kabisa. Na hasara ya kwenda mbali ipo, nisiifiche. Nikimzungumzia mama, maneno yananijia Kinyakyusa, na mshauri wangu hakijui. Kuna siku nilisema jambo alilozoea kuniambia mama, kisha ikabidi nianze kulitafsiri, na nilipomaliza machozi yalikuwa yameshakauka. Ningekuwa na mtu wa Rungwe angelielewa mara moja. Hata hivyo ningechagua vile vile.

Ukishampata wa kumjaribu, uliza kwa simu kabla ya kulipa nauli. Amesomea nini na wapi, na amewahi kufanya kazi na watu wenye shida kama yako. Kipindi kimoja ni muda gani (wengi hukaa karibu saa nzima) na kinagharimu kiasi gani; uliza bila aibu, kama unavyouliza bei ya gunia la viazi, na kama una kadi ya bima waulize bima wenyewe kama wanalipia. Halafu uliza siri zako zinaishia wapi. Anayejibu haraka "hakuna atakayejua kamwe" hajafikiri vizuri. Anayejua kazi yake atakwambia kwamba siri ni siri, isipokuwa pale maisha yako au ya mtu mwingine yatakapokuwa hatarini, na atakueleza atafanya nini hapo.

Ondoka ukimsikia anakupa mifano ya wateja wengine hadi unaanza kukisia ni kina nani. Ondoka akikutongoza, akikukopa, akikuuzia virutubisho, au akimpigia mumeo bila ruhusa yako. Anayeongea kuliko wewe, dakika ya kumi ameshajua dawa ya ndoa yako, mimi nisingerudi kwake pia, ingawa hilo ni suala la ladha zaidi kuliko kosa.

Lakini usimwache mtu kwa sababu tu umetoka kwake umechoka. Mara ya kwanza Iringa nilitoka kichwa kizito, nikalala gesti mchana kutwa, nikasema pesa yangu imepotea. Nafuu haikunijia vile nilivyoitarajia. Kilichonionyesha kwamba nimefika kwa mtu sahihi ni kwamba jambo nililoapa kumficha wiki moja, wiki iliyofuata nilijikuta namweleza.

Na yule baba wa mwanzo? Kumwacha mtu mkubwa kwetu ni kazi, wengi wetu tunaona heri kupotea kimya na kuzima simu. Nilirudi nikamwambia, "Baba, nashukuru umenipokea vizuri. Nimeona nahitaji mtu ambaye hatuna undugu. Kuna mwenzako unayeweza kunielekeza?" Hakununa. Alicheka kidogo, akasema alikuwa anangoja niseme, akaandika jina na namba ya yule wa Iringa kwenye karatasi. Kwa hiyo hata anayekukosea saizi anaweza kuwa ndiye njia.

Mume naye. Aligundua kwamba kila Jumatano najifungia stoo na simu, na unaweza kukisia alichodhani. Nilimweleza ni nini bila kumweleza yanayosemwa humo. Alinyamaza siku mbili tatu, kisha akauliza kama huyo mtu anapokea na wanaume. Nikamwambia amtafute wake.

Wengi wanaoninong'oneza dukani wanakwama kwenye kupiga simu tu. Namba wanayo, wameihifadhi kwa jina la fundi au la muuza vitenge, haipigwi. Basi usipige. Nakili huu, badilisha unachotaka, utume: "Habari za leo. Nimepewa namba yako na mtu aliyewahi kuhudumiwa. Niko Mbeya. Sina usingizi mzuri tangu nifiwe na ningependa kuongea na wewe. Naomba kujua siku ulizo na nafasi na gharama zake. Tafadhali nijibu kwa ujumbe, usipige, sipo peke yangu."