Anamsimulia Nani?

Swali la wiki: Ni ufunguzi gani wa filamu yenye msimulizi asiyeaminika uliokupa wazo la kuandika, na ulichukua nini humo?

Mhariri, najua wengi watawatajia filamu za juzijuzi, zile ambazo dakika za mwisho unagundua kuwa mpelelezi ndiye mgonjwa mwenyewe. Nami nimezitazama, na nimezipenda. Ila ufunguzi ulioning'ang'ania ni wa filamu ya Ujerumani ya mwaka 1920, isiyo na sauti: The Cabinet of Dr. Caligari, iliyoongozwa na Robert Wiene.

Wanaume wawili wamekaa kwenye benchi bustanini. Mzee anamwambia kijana kwamba pepo wametuzunguka kila upande, na kwamba ndio waliomtoa nyumbani kwake wakamtenga na mke na wana. Hajajibiwa, anapita mwanamke wa nguo nyeupe, macho yameganda mbele kama hamwoni mtu. Kijana, jina lake Francis, anasema yule ni mchumba wake, na yaliyowapata wao wawili yanashinda hayo ya mzee. Hapo ndipo anapoanza: mji wa Holstenwall, maonyesho yaliyofika mjini, daktari aliyekuja na mtu anayetembea usingizini, kisha mauaji. Mwisho wa filamu ndipo tunapoelewa kuwa tumo katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na Francis na huyo anayemwita mchumba ni wagonjwa wa humo humo.

Mtu wa Lamu hahitaji kufafanuliwa benchi lile. Ni baraza. Barazani hakuna anayetaja jini lililomsumbua ikaishia hapo. Aliye pembeni yake ana majini wawili, na mmoja kati yao anasema Kiarabu. Francis naye hakuanza kusimulia kwa sababu ana siri nzito. Ameanza kwa sababu kuna mtu amemtangulia kusimulia, na hataki kushindwa. Ushahidi wa hali yake umewekwa mbele yetu mapema kabisa: mchumba gani huyo anayepita asikutupie hata jicho? Hatuulizi, kwa kuwa tuna haraka ya kisa.

Filamu hii ina mkasa mwingine nje ya picha, nao ndio ulionifundisha zaidi. Mmoja wa waandishi wake wawili, Hans Janowitz, alishikilia kuwa mambo ya wagonjwa mwanzoni na mwishoni yalibandikwa bila ridhaa yao, na kwamba yaliua makali ya kazi waliyoikusudia kuwashambulia wenye mamlaka. Maelezo hayo yalienea sana baada ya mhakiki wa filamu Siegfried Kracauer kuyaandika katika kitabu chake cha mwaka 1947. Baadaye ikajitokeza nakala ya hati ya filamu, yale maandishi ya awali, iliyokuwa kwa Werner Krauss, mwigizaji aliyecheza kama Caligari, na kumbe hati yenyewe nayo ilikuwa na utangulizi wa msimulizi. Humo Francis ni mwenyeji, anawahadithia wageni wake, na huyo mwanamke ni mkewe wa ndoa. Kwa hiyo hata aliyetuhadithia kisa cha filamu hii alikuwa wa kusikilizwa kwa tahadhari.

Tazama basi walivyofanya. Kisa ni kile kile, daktari yule yule, maiti wale wale. Msimulizi akiwa kwake, wageni wamemzunguka, tunamwamini. Wamemwondoa pale wakamweka kwenye benchi na mzee anayeogopa pepo, na maneno yake yote yamegeuka. Tangu hapo nikianza kuandika siulizi tena msimulizi wangu anaficha nini. Nauliza anamsimulia nani, na anataka nini kwake.

Msikilizaji akichaguliwa vibaya, kazi yote huharibika. Sunset Boulevard ya Billy Wilder, ya mwaka 1950, inasimuliwa na maiti. Mwanzo wake wa kwanza ulipigwa katika chumba cha maiti, marehemu akizungumza na marehemu wenzake. Watazamaji wa majaribio wakacheka, na Wilder akaukata. Ufunguzi tunaoujua una mwili unaoelea bwawani na sauti inayomtaja marehemu kama mtu baki, kumbe ni yeye mwenyewe anayesema. Amebaki na sisi tu wa kumsikiliza, na inatosha.

Mwaka huo huo Alfred Hitchcock alitoa Stage Fright. Mwanzoni kijana anakimbia polisi ndani ya gari huku akimweleza rafiki yake yaliyotokea, nasi tunaonyeshwa yote kwa picha. Baadaye tunajua ulikuwa uongo mtupu, na wapo watazamaji waliokasirika kweli kweli. Niko upande wao. Utasema hata picha za Caligari ni za uongo. Ndiyo, lakini zile zimekiri mapema: nyumba zimepinda, madirisha yamekwenda upande, vivuli vimepakwa rangi sakafuni. Bibi zetu walikuwa na njia yao ya kukiri. "Hadithi, hadithi!" Nasi tunaitikia, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Ruhusa ya kudanganya imeombwa na imetolewa kabla hata sungura hajatajwa. Hitchcock hakuiomba.

Sasa ninachoandika mimi. Ni filamu fupi, yote ndani ya nyumba moja ya zamani hapa Lamu. Mjane yumo edani, ana miezi minne na siku kumi za kukaa, na watu wanakuja kumpa pole. Kila mmoja anataka asikie mumewe alikufa vipi baharini. Mavyaa anaambiwa kwamba alisihiwa asitoke, kusi limechafuka, akakataa. Jirani anaambiwa bahari ilikuwa shwari kama sinia. Shemeji, ambaye swali lake halisi ni la deni na la chombo, anaambiwa kuwa marehemu alitoka na hasira baada ya kudaiwa. Ninachokipenda ni kwamba kila toleo linamfaa mgeni wake. Mavyaa anaondoka amefarijika kuwa mwanawe alikuwa jasiri, na shemeji anaondoka ameinamisha kichwa, hana tena uso wa kudai.

Jambo moja tu halibadiliki katika masimulizi yote matatu: mashine ya boti ilizimika katikati ya maji. Na mashine yenyewe iko pale nyumbani, katika daka, yaani ukumbi wa mlangoni, imefunikwa turubai nusu, kavu. Wageni wote wanaipita wakivua viatu. Shemeji ndiye aliye karibu nayo zaidi, kwa sababu haingii ndani kwa mjane. Anakaa dakani na kuzungumza naye nyuma ya pazia, goti lake linakaribia kugusa turubai. Kwa nini mjane anadanganya sitasema hapa, maana bado natafuta pesa za kuipiga.

Mwenzangu atakayeshika kamera anataka tufungue kwa mashine peke yake, karibu kabisa, ijae kioo. Anasema watu wa simu hawaoni kitu kidogo. Nimemkatalia. Ukimwonyesha mtazamaji kitu kwa kidole, anakaa akikingoja, na mjane anakuwa mwongo tangu neno la kwanza, hana wa kumwonea huruma. Nataka ionekane nyuma ya viatu vya wageni, na mtoto wa jirani ameikalia anakula kaimati. Bado tunabishana, naye ana hoja moja nisiyoweza kuivunja: Wiene alimpitisha yule mwanamke katikati ya picha, hakumficha pembeni.