Vientiane ni mji wa jioni, msiende kama tulivyoenda sisi

Kila mtu atawaambia Vientiane, mji mkuu wa Laos, haina kitu, pitilizeni tu mpaka Luang Prabang, mji wa watalii kule kaskazini. Mimi na mume wangu tulikaa pale siku nne, mwezi wa tatu, mabegi mgongoni, na siku mbili za mwanzo tulikuwa tunakubaliana nao kabisa. Sasa hivi nawabishia, ndo maana naandika.

Kwanza barabara. Tulitoka Bangkok na treni ya usiku mpaka Nong Khai, mji wa Thailand wa mpakani, tukavuka mto Mekong kwa lile Daraja la Urafiki lililofunguliwa 1994, na mkishavuka magari yanahama upande. Thailand wanapita kushoto kama kwetu Bongo, Laos wanapita kulia. Mtu wa Dar anaangalia kulia kwanza bila hata kufikiri, mume wangu akakanyaga barabara hivyohivyo, mama mmoja muuza matunda akamdaka shati kwa nyuma na pikipiki ikapita mbele ya vidole vyake. Yule mama akacheka, akasema bo pen nyang, yaani hakuna shida, akamkatia kipande cha nanasi na pesa akakataa. Angalieni kushoto kwanza, ambianeni kila asubuhi kabla hamjatoka gesti.

Halafu hela. Tulichenji dola 100 tukapewa kip, hela ya Laos, zaidi ya milioni mbili, mume wangu akawa anahesabu noti kitandani mpaka usiku. Chenjini kidogokidogo, maana kip ukishatoka nayo Laos kupata wa kuichukua ni kazi.

Siku ya kwanza tulizunguka na orodha ya vivutio saa saba mchana, jua linachoma mpaka lami imelainika. Tukafika Patuxai, ule mnara mkubwa kama lango uliojengwa kati ya 1957 na 1968, na inasemekana saruji yake Wamarekani waliitoa ijengewe uwanja wa ndege, ndo maana watu wanautania eti ni ranwei iliyosimama wima. Mume wangu akaweka begi chini akaniuliza, "Mke wangu, hela yote hii tumekuja kuangalia zege?" Sikuwa na jibu. Hatukusemeshana mpaka That Luang, lile hekalu la dhahabu ambalo ndilo nembo ya nchi, na hata lile tuliliangalia kwa kukunja macho tukaondoka.

Siku ya pili Buddha Park, kama kilomita 25 nje ya mji, mnapanda basi namba 14 pale stendi ya Talat Sao, nauli ndogo sana. Sanamu zimejaa uwanja mzima, za Kibudha na za Kihindu, ukiziona utasema za enzi na enzi kumbe zimeanza kujengwa 1958. Kuna jengo kama boga kubwa, unaingilia kwenye mdomo wa zimwi, ndani ghorofa tatu: motoni, duniani, peponi. Ngazi zake ni nyembamba na giza. Mume wangu akaingia na begi lake la lita 60 kwa sababu hakutaka kuliacha chini, akakwama katikati ya motoni na duniani, juu kuna familia inataka kushuka, nyuma yangu vijana watatu watawa wanasubiri kupanda, basi mimi nikashika mkanda mmoja, mtawa mmoja akashika kitako cha begi, tukavuta mpaka likachomoka na yeye akakaa chini puu. Watawa walicheka mpaka machozi na sisi tukacheka, na ndo kicheko cha kwanza tangu Patuxai. Mabegi acheni gesti jamani. Na wakati wa kurudi msisimame upande wa barabara mliouzoea nyumbani, sisi tulisimama huko tukapanda basi likatupeleka mbali zaidi na mji, ikabidi tushuke tungoje lingine.

Kilichotubadilisha ni siku ya tatu, tuliingia COPE kukimbia jua tu. Ni kituo kinachosaidia watu kupata miguu na mikono ya bandia, na kuingia ni bure. Kati ya 1964 na 1973 Marekani iliangusha Laos zaidi ya tani milioni mbili za mabomu, yakiwemo vibomu vidogo kama milioni 270, na kama milioni 80 havikulipuka, vimebaki mashambani. Watu wa pale wanaviita bombi. Mkulima anapiga jembe, mtoto anaokota akidhani mpira. Kuna miguu ambayo watu walijitengenezea wenyewe kwa mbao na vyuma chakavu, imetundikwa pale, na mume wangu alisimama mbele yake muda mrefu sana, mimi nikamwacha. Kama mna nusu siku tu Vientiane, nendeni hapo, toeni chochote mlichonacho.

Jioni ile tukashuka mtoni, na hapo ndipo mji wenyewe ulipokuwa. Kiangazi maji yanarudi nyuma unabaki mchanga mpana, ng'ambo ni Thailand, jua linazama huko. Kina mama wanapiga mazoezi kwa muziki mkubwa na mgeni anakaribishwa, soko la usiku linafunguliwa, wali wao wa kunata unaula kwa mkono unafinya tonge kama ugali, na laap pembeni, ile nyama yao ya kukatakata yenye ndimu na majani. Ila kachumbari ya papai bichi agizeni kwa kusema bo phet, isiwe na pilipili. Mume wangu hakusema. Alilia kweli, na muuzaji akamsukumia wali badala ya maji, ukasaidia. Tukarudi palepale usiku wa nne.

Kwa hiyo laleni siku mbili, mchana pumzikeni, tokeni saa kumi na moja jioni. Kwenda Luang Prabang kuna treni ya Laos na China tangu Desemba 2021, safari ya kama saa mbili tu, lakini stesheni iko nje ya mji kwa hiyo wahini, tiketi kateni mapema, pasipoti mkononi, na dawa ya mbu ya kupuliza itumieni yote kabla, yetu ilikuwa mpya na ilibaki mezani kwa wakaguzi.