Mguu Unapokutana na Mpira: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Momenta na Impalsi

Maswali yaliyochaguliwa safari hii yanahusu tukio moja ambalo jicho haliwahi kuliona vizuri, yaani kile kipande kifupi mno cha muda ambapo mpira na kinachoupiga vimegusana. Yote yamefupishwa kidogo.

Kani ndiyo inayousukuma mpira. Kwa nini basi tunafundishwa impalsi na momenta, badala ya kuishia kwenye kani?

Kwa sababu ukiijua kani peke yake huwezi kusema mpira utaondoka na kasi gani. Ni lazima ujue pia kani hiyo imefanya kazi kwa muda gani, na zao la kani na muda ndilo impalsi. Momenta ni tungamo la mpira likizidishwa kwa kasi yake, mwelekeo ukiwamo, na kanuni inayoziunganisha ni fupi: impalsi ambayo mpira unapewa ni sawasawa na badiliko la momenta yake. Isaac Newton mwenyewe, alipochapisha kanuni zake mwaka 1687, aliieleza kanuni ya pili kwa namna iliyo karibu zaidi na hii kuliko ile ya "tungamo mara mchapuko" tunayoizoea madarasani.

Tuchukue mpira wa miguu, ambao kwa mujibu wa sheria za mchezo huwa na gramu 410 hadi 450, na tuseme huu wetu una gramu 430. Ukiwa umetulia chini kisha ukaondoka kwa mita 25 kwa sekunde, umepata momenta ya 0.43 mara 25, yaani 10.75 kwa vipimo vya kilogramu mita kwa sekunde. Kiatu na mpira hugusana kwa takriban sehemu moja ya mia ya sekunde. Gawanya 10.75 kwa 0.01 nawe utapata kani ya wastani ya nyutoni 1,075, ambayo ni sawa na uzito wa kitu cha kilo 110 hivi.

Naomba neno "wastani" lisipitwe haraka, maana hapo ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Kani haianzi ikiwa nyutoni 1,075 na kubaki hapo hapo hadi mwisho. Kiatu kinapogusa ngozi ya mpira kani ni karibu na sifuri. Kisha mpira unabonyea, hewa iliyomo ndani inabanwa, na kani inapanda hadi kilele pale ambapo mbonyeo ni mkubwa kabisa, ambacho huweza kufika mara moja na nusu hadi mara mbili ya wastani. Halafu mpira unajinyoosha, kani inashuka, na inapofika sifuri mpira umekwisha kuondoka. Katika miaka ya 1930 Harold Edgerton wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, nchini Marekani, alitumia mimweko mifupi sana ya mwanga kupiga picha za matukio ya namna hii, na katika picha yake ya mtu anayepiga mpira wa futiboli ya Kimarekani kiatu kinaonekana kimezama ndani ya mpira kwa kiasi cha kushangaza. Ukichora mchoro wa kani dhidi ya muda kwa tukio hilo utapata kilima, na eneo lililo chini ya kilima hicho ndilo impalsi. Mwanafunzi anayeukumbuka mchoro huu hatachanganyikiwa na fomula.

Mpira wa besiboli umekuja kwa mita 40 kwa sekunde, ukapigwa na kurudi ulikotoka kwa mita 45 kwa sekunde. Nimepata badiliko dogo sana la momenta, lakini mwalimu amesema nimekosea. Nimekosea wapi?

Umetoa 40 kutoka 45 ukapata 5, nayo si sahihi, kwa sababu momenta ina mwelekeo. Ukiuita mwelekeo wa kurudi chanya, basi mpira ulipokuwa ukija kasi yake ilikuwa hasi 40. Kutoka hasi 40 hadi chanya 45 ni badiliko la mita 85 kwa sekunde, na kwa mpira wa gramu 145 hilo ni badiliko la momenta la 12.3 hivi. Gongo limefanya kazi mbili ndani ya mgusano mmoja: limeusimamisha mpira kwanza, kisha likaurusha upya. Kwa kuwa gongo na mpira hugusana kwa takriban milisekunde moja tu (sehemu moja ya elfu ya sekunde), kani ya wastani inazidi nyutoni 12,000. Kabla ya kuandika namba yoyote, chora mshale wa kabla na mshale wa baada. Kazi hiyo ya dakika moja huokoa alama nyingi.

Makocha husisitiza kwamba mtu aendelee kupeleka fimbo au mguu mbele hata baada ya kupiga. Kama mpira umeshaondoka, kuna faida gani?

Swali zuri sana, na jibu lina pande mbili. Mpira wa gofu hugusana na fimbo kwa karibu nusu ya milisekunde. Kichwa cha fimbo kinachokwenda mita 45 kwa sekunde husogea sentimita mbili na kitu tu katika muda huo, kisha mpira umekwenda zake. Hakuna kinachofanyika baada ya hapo kinachoweza kuubadilishia mpira momenta yake. Hata hivyo kocha yuko sahihi, kwa kuwa anayekusudia kusimama mara tu baada ya kupiga huanza kupunguza kasi kabla ya kupiga, bila kujijua. Kinachoonekana baada ya pigo ni ushahidi wa kilichotokea kabla yake.

Hali ni tofauti kwa anayerusha mpira kwa mkono. Yeye anaushika mpira kwa sehemu kubwa ya tendo lake, na kwa kani ile ile, kila anapourefusha muda wa kusukuma anaongeza impalsi kweli.

Je, fimbo nzito zaidi haitaupeleka mpira mbali zaidi?

Itaupeleka, lakini kwa kiasi kidogo kuliko watu wengi wanavyodhani. Tuseme kichwa cha fimbo ya gofu kina gramu 200, mpira una gramu 46, na kasi ya kuachana kwao ni asilimia 83 ya kasi ya kukutana. Kwa kutumia uhifadhi wa momenta, yaani kanuni kwamba jumla ya momenta ya fimbo na mpira baada ya kugongana ni ile ile iliyokuwapo kabla, kichwa kinachokuja kwa mita 45 kwa sekunde kitauondosha mpira kwa mita 67 kwa sekunde hivi, nacho chenyewe kitapungua hadi karibu mita 30. Sasa kizidishe kichwa kiwe gramu 400, kasi ikiwa ile ile: mpira utaondoka kwa takriban mita 74, ambalo ni ongezeko la sehemu moja ya kumi tu. Matokeo hayo hayo ungeyapata kwa kubaki na gramu 200 na kuongeza kasi ya fimbo kutoka 45 hadi 50. Na ni nani anayeweza kuzungusha gramu 400 kwa kasi ile ile aliyozungushia 200?

Kwa nini mchezaji hurudisha mguu nyuma anapotuliza mpira?

Ili kuurefusha muda. Mpira wetu wa gramu 430 unaokuja kwa mita 20 kwa sekunde una momenta ya 8.6, nayo lazima iishe yote, upende usipende. Ikiisha katika sehemu ya mia ya sekunde, kani ya wastani ni nyutoni 860 na mpira utadunda mbali na mguu. Ikiisha katika sehemu tano za mia, kani inashuka hadi nyutoni 172, ila mguu au mikono ya kipa itahitaji nusu mita hivi ya kusafiri pamoja na mpira.

Mpira ukigonga ukuta na kurudi, momenta yake imegeuka. Uhifadhi wa momenta umevunjwa?

Haukuvunjwa. Ukuta umepokea impalsi iliyo sawa na ile ya mpira lakini kwa mwelekeo wa kinyume, na kwa kuwa umeshikamana na ardhi, momenta hiyo imehamia kwenye dunia nzima, ambayo tungamo lake ni kubwa mno kiasi kwamba kasi inayopata haipimiki kwa chombo chochote. Wanasayansi John Wallis, Christopher Wren na Christiaan Huygens walipeleka majibu yao kuhusu kugongana kwa vitu kwenye Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London, katika miaka ya 1668 na 1669, na tangu hapo kanuni hii imetumika bila kujali kama vitu vinavyogongana ni vigumu au laini. Nishati mwendo ndiyo hupungua katika mgongano wa namna hii, kwa kuwa sehemu yake hugeuka kuwa joto na sauti.