Diklofenaki si mesalazini, hata zikiingia njia moja

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mwanamume wa miaka 36. Miezi miwili iliyopita nilipimwa kwa kamera, nikaambiwa nina vidonda na uvimbe mwishoni mwa utumbo mpana, kwenye puru. Nilipewa mesalazini ya gramu 1, vidonge vya kuingiza njia ya haja kubwa, kimoja kila usiku. Damu ilikata ndani ya wiki tatu. Sasa dawa imeisha. Muuza dawa anasema mesalazini hana, ila ana diklofenaki ya kuingiza huko huko, na kwamba nayo ni dawa ya kuzuia uvimbe. Je, nibadilishe? Au niache tu, kwa kuwa damu imeshakata? Halafu asubuhi chooni huwa naona kama mabaki ya dawa. Ina maana haifanyi kazi?

JIBU: Marahaba. Diklofenaki usiiguse. Kama umeshainunua, usiingize hata kimoja.

Naanza na katazo kwa sababu jambo hili nakutana nalo kila mara, na mara nyingi linanifikia madhara yakiwa yameshatokea. Kuna mama mmoja aliniwekea mezani pakiti mbili, akaniuliza kwa nini damu imerudi ilhali hajaruka hata usiku mmoja. Kweli hakuruka. Nilimsogezea pakiti zote mbili nikamwomba anisomee maandishi madogo yaliyo chini ya jina la biashara. Akasoma ya kwanza: mesalazini. Akasoma ya pili: diklofenaki. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Lakini daktari, mbona vinafanana?”

Vinafanana, ndiyo. Vyote vina umbo la risasi, vyote vinaingia njia moja, na vyote huitwa dawa za kuzuia uvimbe. Jina hilo limewaumiza watu wengi. Diklofenaki na ndugu zake ibuprofeni, indometasini, naproksini na ketoprofeni hupunguza maumivu kwa kuuzuia mwili usitengeneze kemikali ziitwazo prostaglandini. Kwenye goti lililovimba hilo ni jema. Ndani ya utumbo, prostaglandini hizo hizo ndizo zinazouwezesha utando kupata damu ya kutosha, kutoa ute wa kujikinga na kuziba michubuko yake. Mgonjwa ambaye utando wake umeshachubuka ukimpunguzia kinga hiyo, unaweza kuuamsha ugonjwa uliokuwa umetulia. Si kila mtu atadhurika, lakini wewe huna namna ya kujua mapema kama utakuwa miongoni mwa waliosalimika.

Mesalazini ina njia yake: huutuliza utando kwa kuugusa. Hili lilithibitishwa vizuri mwaka 1977 na Azad Khan na wenzake huko Oxford, Uingereza. Wakati huo wagonjwa walikuwa wanatumia sulfasalazini, dawa yenye sehemu mbili zilizounganishwa. Watafiti hao walizitenganisha sehemu hizo, wakawapa wagonjwa kwa enema, yaani dawa ya maji inayoingizwa njia ya haja kubwa: wengine sulfasalazini nzima, wengine sehemu moja, wengine ya pili. Kazi yote ikaonekana kufanywa na sehemu moja tu, ambayo ndiyo mesalazini unayoiingiza wewe. Kwa hiyo kuiweka pale pale penye ugonjwa ndiyo matibabu yenyewe. Wanaodhani kidonge cha kumeza ndicho dawa halisi na cha kuingiza ni cha kusaidia wamekosea. Kwa ugonjwa wa kwenye puru, cha kuingiza ndicho tunachoanza nacho.

Nasikia pia wauzaji wakisema diklofenaki ya kuingiza haina madhara kwa kuwa haipiti tumboni. Jamani! Dawa hiyo hunyonywa na puru, ikaingia kwenye damu, na damu hufika tumboni kama inavyofika kila mahali. Mtu anaweza kupata vidonda vya tumbo bila kumeza chochote, na puru yenyewe inaweza kuchubuka. Ukiwa na maumivu ya kawaida, tumia parasetamoli kwa kipimo chake.

Kuhusu kuacha: damu hukata kabla utando haujapona. Endelea hadi daktari aliyekuandikia aseme vinginevyo. Huenda baadaye akakupunguzia, lakini uamuzi huo ni wake baada ya kukupima. Mpigie leo umwambie dawa imeisha. Kama vidonge havipatikani, mwulize kuhusu mesalazini ya povu au ya enema. Hizo hupanda juu zaidi ya puru, na kwako zitafaa. Unaweza kubadilisha umbo la dawa, ila dawa ibaki ile ile. Enema itikise kwanza, maana dawa hutuama chini ya chupa, kisha lalia ubavu wa kushoto na uminye polepole. Tandika kitambaa cha zamani, kwa sababu doa lake halitoki.

Mabaki ya asubuhi yasikutie hofu. Mengi ni mafuta yaliyoibeba dawa. Nenda haja kwanza, kilowanishe kidonge kwa maji, kiingize, ulale. Kikitoka kizima ndani ya dakika 10, weka kingine.

Mesalazini nayo ina masharti yake. Ni ya ukoo wa aspirini, hivyo mwenye mzio wa aspirini aseme kabla ya kuandikiwa. Baadhi ya enema zake zina salfaiti, kemikali ya kuhifadhi dawa isiharibike, ambayo inaweza kuwabana kifua wenye pumu. Kwa nadra huathiri figo, kwa hiyo kipimo cha damu cha kuangalia figo kifanyike kabla ya kuanza na kirudiwe baadaye. Na kuna wachache ambao dawa yenyewe huwaletea homa na kuharisha zaidi. Hao waiache na wamwone daktari mara moja.

Ninaowalaumu ni wale wanaoiita kila damu ya chooni bawasiri na kutoa dawa bila kuuliza swali moja. Ninawalaumu zaidi wanaouza enema za mitishamba au kahawa kwa jina la kusafisha utumbo. Utumbo wenye vidonda hauna uchafu wa kusafishwa. Ukiumwagia maji ya moto au majani yaliyochemshwa, unauunguza na kuujeruhi. Nimepokea wagonjwa waliopoteza miezi kwa hao watu, wakafika wamekonda, wamepungukiwa damu mwilini, na ugonjwa ambao ungetulizwa kwenye puru umeshapanda.

Wewe na yeyote mwenye ugonjwa huu, mkianza kwenda haja yenye damu mara 6 au zaidi kwa siku, pamoja na homa, moyo kwenda mbio au tumbo kujaa na kuuma, msitafute cha kuingiza wala msiniandikie. Nendeni hospitali usiku huo huo.