Kila Kipimo Kina Siku Yake: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Malaria, Kichocho, Matende na Homa za Virusi

Barua nyingi za safari hii zina lalamiko moja: majibu ya maabara hayalingani na hali ya mgonjwa. Mara nyingi kipimo chenyewe hakina ubovu. Kimefanywa siku isiyo yake, au kwa sampuli isiyo yake, au kimeulizwa swali ambalo hakikutengenezwa kulijibu.

Mwanangu wa miaka minne alipata malaria, akamaliza dozi ya dawa mseto, akapona kabisa. Wiki mbili baadaye homa ikarudi, na kipimo cha haraka kikatoa mistari miwili tena. Dawa imeshindwa? (Mama wa Kibondo)

Mama, bado hatuwezi kusema hivyo. Vipimo vingi vya haraka vya malaria tunavyotumia havimwoni mdudu mwenyewe. Vinanasa protini iitwayo HRP2 inayotolewa na Plasmodium falciparum, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mistari miwili ya mwanao inaweza kuwa mabaki ya malaria ile ya kwanza. Homa ikirudi ndani ya siku 28 baada ya tiba, omba apimwe kwa kioo, yaani damu isomwe kwa hadubini. Vimelea wakionekana, mtoto abadilishiwe dawa kwa ushauri wa mganga. Wasipoonekana, homa ina chanzo kingine: masikio, kifua, mkojo. Lakini akipata degedege, akitapika kila kitu, akishindwa kunywa au akilegea, mkimbize hospitali. Hapo hakuna cha kusubiri kioo.

Upande wa pili nao upo. Kuna vimelea waliopoteza jeni ya kutengeneza HRP2, na kipimo hiki hakiwaoni hata wakijaa. Eritrea ililazimika kubadilisha vipimo kwa sababu hiyo. Basi mgonjwa mahututi mwenye dalili zote na mstari mmoja tu, naye apimwe kwa kioo.

Na mhudumu asome kwa wakati. Damu inayohitajika kwa kawaida ni mikrolita 5. Matone ya kimiminika yawe yale yaliyoandikwa kwenye pakiti hiyohiyo, si ya pakiti nyingine wala maji. Jibu husomwa kwa dakika zilizoandikwa, mara nyingi 15 hadi 20. Kipimo kilichosahaulika mezani kwa saa nzima kitupwe, kirudiwe.

Tone nene la damu ninalotayarisha kwa ajili ya kutafuta vimelea wa malaria linanyonyoka nikisuuza kioo, na linalobaki limejaa vidoa vyeusi. Nakosea wapi? (Fundi wa maabara, Morogoro)

Tone hunyonyoka kioo kikiwa na mafuta, damu ikiwa haijakauka, au maji yakimiminwa moja kwa moja juu yake. Weka kama mikrolita 6, tandaza kwa kona ya kioo kingine mpaka upate duara la sentimita 1 hivi, jembamba kiasi kwamba ukiliweka juu ya gazeti unaweza kusoma maandishi. Likauke kwa hewa, kioo kikiwa kimelala, mbali na nzi na mbali na jua. Joto hugandisha chembe nyekundu zisipasuke kwenye maji ya rangi, nawe utabaki kutazama ukungu wa waridi usio na kitu. Methanoli hufanya vivyo hivyo. Ipate damu nyembamba peke yake, ile iliyotandazwa kama utando, na kioo kiinamishwe ili hata mvuke usifike kwenye tone nene.

Vidoa vyeusi ni mashapo ya rangi. Chuja Giemsa, yaani rangi ya kupaka damu, toa kiasi cha kazi ya siku, na kilichobaki usikirudishe kwenye chupa kubwa, kwa maana tone moja la maji likiingia humo rangi yote imeharibika. Changanya asilimia 10 kwa maji ya bafa ya pH 7.2, acha dakika 10 hadi 15. Ukiwa na vioo vingi na muda wa kutosha, asilimia 3 kwa dakika 30 hadi 45 hutoa picha safi zaidi. Unapomaliza, ingiza maji pembeni taratibu ili utando wa juu uelee na kutoka wenyewe. Ukikimwaga kioo kwanza, utando huo unatua juu ya damu.

Kabla ya kuandika kwamba hakuna vimelea, pitia nyanja 100 kwa lenzi ya mafuta ya 100. Na tunawasihi mafundi waachane na majibu ya "plas mbili, plas tatu", hayamsaidii mganga kujua kama tiba inafanya kazi. Hesabu vimelea huku ukihesabu chembe nyeupe 200, zidisha kwa 8,000 (makadirio ya chembe nyeupe katika mikrolita moja ya damu), gawanya kwa 200. Vimelea 150 ni sawa na 6,000 kwa mikrolita. Wakiwa chini ya 100, endelea mpaka chembe nyeupe 500, kisha ugawe kwa 500.

Watoto wangu wanaoga ziwani kila siku. Mkubwa anaumwa tumbo na choo kina damu, lakini choo kilipimwa mara moja wakasema hana kichocho. Niamini? (Mama, Ukerewe)

Kwa kipimo kimoja, usiamini. Kichocho cha tumbo ndicho kinachotawala kandokando ya Ziwa Viktoria, na mayai yake hayatoki kwa kiasi kilekile kila siku. Njia ya Kato-Katz hupima miligramu 41.7 tu za choo, ndiyo maana hesabu huzidishwa kwa 24 kupata mayai kwa gramu. Mtoto mwenye minyoo michache anaweza kabisa kutoka bila kitu kwenye kipande kidogo namna hiyo. Peleka choo cha siku tatu tofauti, kiasi cha ncha ya kidole gumba, katika kopo kavu lisilo na mkojo wala udongo. Yai la kichocho hiki lina mwiba ubavuni, halifanani na jingine. Fundi akitaka kuona na mayai ya safura kwenye kioo hichohicho, asome ndani ya dakika 30 hadi 60, kwani gliserini huyayeyusha yasionekane tena.

Kumbuka pia kwamba tangu mtoto aingie majini mpaka mayai yaanze kutoka hupita kama wiki sita na zaidi, na praziquantel, dawa ya kichocho, haiui minyoo michanga. Aliyetibiwa mapema mno anaweza kupimwa tena baada ya miezi akakutwa nayo, hata kama hakurudi ziwani.

Kwa wasomaji wa Pwani, ambako kichocho cha mkojo ndicho kingi: mkojo uletwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai yanatoka kwa wingi, na matone ya mwisho ndiyo yenye thamani zaidi. Aruke kamba au akimbie kidogo kabla ya kukojoa. Mililita 10 huchujwa, na yai lina mwiba mwishoni.

Nilikwenda kupima matende mchana, nikaambiwa nirudi saa nne usiku. Ni kweli au walikuwa wamechoka? (Msomaji, Lindi)

Ni kweli, ndugu. Vijidudu wachanga wa matende hujificha kwenye mishipa ya mapafu mchana, na hutoka kwenye damu ya ngozini usiku, wengi zaidi kati ya saa nne na saa nane. Damu ya mchana haitaonyesha kitu. Kuna kipimo cha ukanda kinachotafuta antijeni, yaani protini zinazotolewa na minyoo mikubwa, nacho hufanyika saa yoyote: mikrolita 75 za damu, na jibu lisomwe dakika ya 10 kamili, kwa kuwa likichelewa linaweza kuonyesha mstari wa uongo. Mguu uliovimba miaka mingi unaweza kukosa vyote viwili, minyoo ikiwa ilishakufa na kuacha madhara tu. Mgonjwa huyo bado anahitaji huduma ya ngozi na usafi wa mguu.

Tunapata mgonjwa mwenye homa kali, kichwa, kutapika na kuharisha. Kipimo cha malaria kinasema anayo. Tunatibu, hali inazidi. Nitajuaje kama ni Marburg, na damu yake niipeleke maabara yetu? (Muuguzi wa zahanati, Kagera)

Swali lako ndilo zito kuliko yote, na tunakushukuru kwa kuliuliza kabla mambo hayajakufika. Kagera imeshaupata Marburg, homa ya virusi ya kundi moja na Ebola, mara mbili: ulitangazwa tarehe 21 Machi 2023 Bukoba Vijijini, kisha tarehe 20 Januari 2025 Biharamulo. Rwanda iliutangaza tarehe 27 Septemba 2024, na wengi wa waliougua huko walikuwa watumishi wa afya.

Kwanza, malaria chanya haiondoi Marburg wala Ebola. Katika maeneo yenye malaria nyingi, mtu mzima anaweza kubeba vimelea bila kuugua, na virusi vikampata juu yake. Kipimo kimekwambia vimelea wapo. Hakijakwambia kwamba ndio wanaoleta homa hii. Mtibu malaria, ndiyo, lakini usiufunge uchunguzi.

Pili, usisubiri damu itoke puani ndipo ushtuke. Siku za mwanzo dalili ni hizohizo ulizoandika, na kutokwa damu huja baadaye, wengine hakuwapati kabisa. Kinachotofautisha ni maelezo. Uliza: ndani ya siku 21 zilizopita aliingia pangoni au mgodini kwenye popo? Alimuuguza mtu aliyefariki, aliosha maiti, alishiriki mazishi? Kuna wawili watatu wa nyumba moja walioumwa kwa kupokezana? Kuna mtumishi wa afya aliyemhudumia naye akaanguka? Jibu moja la ndiyo pamoja na homa linatosha kumtenga mgonjwa kwenye chumba chake, mhudumu mmoja, choo chake. Mpigie mganga mkuu wa wilaya. Tanzania namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo.

Damu usiipeleke maabara yenu. Usitengeneze kioo, usizungushe damu kwenye sentrifuji (mashine ya kuitenganisha), usitume bomba dirishani kwa fundi asiyejua anachopokea. Kama kipimo cha haraka cha malaria ni lazima, kifanywe kando ya kitanda na mtu aliyevaa glovu jozi mbili, gauni lisilopitisha maji, barakoa na kinga ya macho, na sindano iingie palepale kwenye sanduku la vitu vyenye ncha. Sampuli ya virusi ichukuliwe na timu iliyofunzwa: mililita 4 kwenye bomba la plastiki la kifuniko cha zambarau, lenye EDTA, dawa inayozuia damu kuganda. Bomba la kioo likivunjika ni balaa, na la heparini, dawa nyingine ya kuzuia kuganda, huvuruga PCR, kipimo kinachotafuta chembe za urithi za virusi. Bomba lifutwe kwa klorini ya asilimia 0.5, lizungushiwe kitu cha kufyonza, lifungwe tabaka tatu na kusafiri kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Klorini hiyo unaipata kwa kuchanganya kipimo kimoja cha dawa ya dukani ya asilimia 3.5 na vipimo sita vya maji, au gramu 7 za unga wa asilimia 70 kwa lita moja. Itengenezwe upya kila siku.

Kuna kosa dogo kwenye fomu ambalo hugharimu sana: kutoandika tarehe homa ilipoanza. Katika siku tatu za mwanzo virusi vinaweza kuwa vichache mno kuonekana kwenye PCR. Jibu hasi la damu iliyochukuliwa kabla ya saa 72 tangu dalili zianze halimtoi mgonjwa kwenye kutengwa. Damu nyingine ichukuliwe baada ya saa hizo 72. Bila tarehe, maabara haiwezi kujua kama hasi hiyo ni ya kuaminika, na mgonjwa anarudishwa nyumbani kwa watoto wake.

Kwa sababu hiyohiyo, jamaa waliomgusa ambao bado ni wazima hawapimwi damu ili watulizwe roho. Hufuatiliwa kwa siku 21 na kupimwa homa kila siku, na anayeanza kuugua hutengwa siku hiyo.

Hospitali yetu ina mashine ya GeneXpert ya kifua kikuu. Nimesikia inapima Ebola. Kwa nini sampuli bado zinasafirishwa mbali? (Msomaji, Goma)

Mashine ni hiyohiyo, katriji, yaani kikasha cha kipimo kinachoingizwa ndani yake, ni nyingine. Katriji ya Ebola hutoa jibu kwa kama saa moja na nusu, na ilisaidia sana Kivu Kaskazini na Ituri mwaka 2018 hadi 2020, kwa kuwa virusi vilivyokuwa huko ni vya aina ya Zaire, ambayo ndiyo katriji hiyo inaitambua. Virusi vya Sudan, vilivyoishika Mubende nchini Uganda mwaka 2022 na Kampala mwaka 2025, haivioni, wala Marburg. Jibu la "hakuna Ebola" kutoka kwenye katriji hiyo maana yake ni hakuna Ebola ya Zaire, basi. Mwaka 2007 kule Bundibugyo, PCR zilizolenga aina za Zaire na Sudan hazikukamata kitu, kumbe ilikuwa aina mpya kabisa. Ndiyo maana sampuli bado huenda maabara kubwa, kama INRB, taasisi ya utafiti wa tiba ya kwenu Kongo, au UVRI, taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, Uganda, zenye vipimo vya aina zaidi ya moja.

Baada ya mvua kubwa mbuzi na kondoo wetu wametupa mimba kwa wingi, na kijana aliyewachinja ana homa na macho yanamsumbua. Apimwe nini? (Mfugaji, Garissa)

Homa ya Bonde la Ufa, bila kuchelewa. Mvua za namna hiyo ndizo zilizotangulia mlipuko wa 2006 na 2007 Kenya, Somalia na Tanzania. Virusi hukaa kwenye damu ya mtu siku chache tu, kwa hiyo PCR hufaa mwanzoni, na kuanzia siku ya nne au ya tano hutafutwa kingamwili za IgM. Aombe vyote viwili, na aeleze kazi aliyoifanya, kwani asipotaja mifugo atapimwa malaria na taifodi na kurudishwa. Macho yachunguzwe na mtaalamu, kwa sababu ugonjwa huu unaweza kuharibu retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Vitoto vilivyotupwa msivishike mikono mitupu, maziwa yachemshwe, uchinjaji usimame, na afisa mifugo aitwe leo achukue damu ya wanyama.