Jibu: Mkanda unaruka meno, mota inachemka

Habari za jioni, ndugu yangu. Nimekuelewa: kwenye chombo chako cha kurukia, mkanda wa meno unaotoa nguvu kwa mota ya umeme kwenda kwa propela ulikuwa unaruka meno ukifungua mota hadi mwisho, ukaukaza, sasa hauruki ila mota inachemka.

Usizidi kukaza. Toa propela kwanza, kisha laza rula ya chuma ubavuni mwa puli zote mbili, yaani yale magurudumu ya meno yanayoshika mkanda, ndogo ya mota na kubwa ya propela. Mwanga ukipenya, puli hazijakaa mstari mmoja. Yangu ilikuwa imepishana unene wa kadi ya simu tu, na kila nikitua nilikuta vumbi jeusi la mpira limeganda kwenye fremu. Ukiliona hilo vumbi, mkanda unaliwa.

Halafu hesabu meno ya puli ndogo yaliyoshikwa na mkanda. Yakiwa chini ya sita, ukaze usikaze utaruka. Nilikuwa na meno 12 puli ndogo kwa 48 puli kubwa, yaani 4 kwa 1: mota ikizunguka mara nne, propela mara moja. Nikahamia 16 kwa 48, 3 kwa 1, ukatulia. Ila propela sasa inazunguka kasi zaidi, kwa hiyo weka propela ndogo kidogo, la sivyo ampea, yaani umeme unaovutwa na mota, zinapanda.

Kuhusu joto: washa bila propela, soma ampea mkanda ukiwepo, uvue, soma tena. Tofauti ikiwa kubwa, umekaza mno na beringi zinaumia.

Na huku kwetu Mtwara, kama unatua ufukweni Shangani, piga puli mswaki mkavu kila ukimaliza. Mchanga ukijaa kati ya meno, mkanda unapanda juu yake. Weka picha ya puli ndogo hapa tuitazame.